Mkono kwa Mkono: Hotuba kwa Vijana wa Huduma za Abiria na Mizigo, Tabora

Maneno haya niliyasema Tabora mjini, mbele ya vijana wanaoanza kazi ya kuhudumia abiria na mizigo kwenye viwanja vya ndege. Wazazi wao walikuwepo, na wenzetu wa reli na mabasi pia. Nimeyaandika karibu sawa na nilivyoyasema, nimepunguza marudio tu.

Shikamooni wazee wangu. Mwangaluka! Vijana, hamjambo? Itifaki imezingatiwa, naomba niingie kwenye shughuli.

Mimi ni mtoto wa hapa. Nimezaliwa Isevya, nikakua nikisikia honi ya treni kabla sijajua kusoma saa. Baba yangu alikuwa karani wa mizigo stesheni. Mnajua wenyewe, treni ya kutoka Dar es Salaam ikifika Tabora haiwi treni moja tena. Mabehewa yanakatwa: haya ya Mwanza, haya ya Kigoma, na wa Mpanda wanachepukia Kaliua. Kazi hiyo ilifanyika usiku, watu wamelala juu ya mabegi yao, na baba akipita na taa mkono mmoja na chaki mkono wa pili. Mzigo wa Kigoma aliuandika K. Mwanza na Mpanda zote zinaanza na M, kwa hiyo aliandika MZ na MP, herufi kubwa kama kiganja, pande mbili za furushi, ili hata likilazwa kifudifudi lisomeke.

Kuna kitu kimoja baba alikikataa mpaka anastaafu. Alikataa kutia sahihi karatasi ya makabidhiano kabla hajaugusa kila mzigo kwa mkono wake. Mwenzake wa behewani atasema, "Ni arobaini na moja, mzee, weka sahihi, dereva anapiga honi." Baba hakubishana naye. Alianza wa kwanza, akaweka kiganja juu yake, akataja namba kwa sauti. Wa pili, kiganja, namba. Treni ilisubiri. Nikiwa mdogo niliona aibu, maana watu walimguna. Nimekuja kumwelewa nikiwa mtu mzima, na gharama ya kuelewa huko aliilipa bibi mmoja wa hapa hapa Tabora. Nitawasimulia.

Nimefanya kazi miaka mingi kwenye kiwanja kikubwa chenye shughuli nyingi, nusu ya miaka hiyo juu kwenye kaunta za abiria, nusu chini kwenye mizigo. Nina jambo moja la kuwaambia leo, na mengine yote nitakayosema yanalizunguka hilo. Mzigo haupotei mkononi mwa mtu. Unapotea pale unapotoka mkono huu kwenda mkono ule. Na taarifa ya ndege kuchelewa ni mzigo kama mzigo mwingine: haipotei kwa anayeijua, inapotea njiani kati ya anayeijua na anayeingojea.

Hebu tulifuate begi moja. Abiria anatoka hapa Tabora kwenda Dubai kwa tiketi moja, anabadilisha ndege Dar es Salaam. Kaunta inalipima, inalifunga tagi. Kwenye tagi kuna mistari ya kusomwa na skana, kuna namba yenye tarakimu kumi ambayo ndiyo jina la begi hilo kwa safari hiyo, na kuna herufi tatu tatu za viwanja. Mkono wa kwanza huo. Linapita kwenye ukaguzi wa mionzi, mkono wa pili. Linapangwa kwenye tela, wa tatu. Linapakiwa tumboni mwa ndege, wa nne. Dar es Salaam linashushwa, linawekwa kwenye tela nyingine, linapelekwa eneo la kuhamishia mizigo, linasomwa, linapangwa upya na mabegi mengine ya Dubai yaliyotoka Mwanza na Zanzibar, linakaguliwa, linapakiwa. Mpaka lifike kwenye mkanda wa Dubai, mikono imezidi kumi. Mwenye begi ameona mkono mmoja tu, wa yule binti wa kaunta aliyemtabasamia. Ndiyo maana likikosekana anamkasirikia huyo.

Kila mwaka dunia inahesabu mabegi yaliyochelewa, yaliyoharibika na yaliyopotea. Mwaka 2007 yalikuwa karibu 19 kwa kila abiria 1,000. Mwaka 2023 yalikuwa 6.9. Ni maendeleo makubwa, na mengi ya mabegi hayo hupatikana baada ya siku chache. Lakini angalieni yanakopotelea: sehemu inayoongoza, mwaka baada ya mwaka, ni pale abiria anapobadilisha ndege. Yaani ni kama stesheni yetu ya Tabora. Pale mabehewa yanapokatwa. Shirika la mashirika ya ndege duniani, IATA, liliona hilo, na kuanzia Juni 2018 likawataka wanachama wake waandike mahali begi lilipo kwenye hatua nne: linapopokelewa kutoka kwa abiria, linapopakiwa, linapokabidhiwa eneo la kuhamishia, na linaporudi kwa mwenyewe. Nilipousoma mwongozo huo mara ya kwanza nilimwona baba na chaki yake. Hatua zote nne ni makabidhiano.

Sasa herufi. Tabora ni TBO, hiyo haina shida. Dar es Salaam ni DAR, Mwanza ni MWZ. Lakini Kigoma ni TKQ. Mtu hawezi kuikisia, lazima aijue. Siku moja mtandao ulikatika, tukaandika tagi kwa mkono, na kijana mmoja mwenye bidii sana akafikiria: Kigoma, basi itakuwa KG na kitu. Akaandika KGL. KGL ni Kigali. Begi la mama wa Ujiji likapangwa kwenda Rwanda. Tulilikamata kwenye tela, kwa sababu mpakiaji mmoja alisoma jina la abiria, akashangaa, akauliza kwa sauti. Hakuwa na cheo. Aliuliza tu. Nataka mkumbuke huyo kuliko mnavyonikumbuka mimi.

Nirudi kwa bibi.

Alikuwa anatoka Hijja. Alitua kwenye kiwanja nilichofanyia kazi alfajiri, akachukua begi lake mwenyewe kwenye mkanda wa kimataifa, akapita forodha, akalikabidhi kaunta ya ndani kwa safari ya Tabora. Begi la kijani, zipu imeharibika, limezungushiwa kamba ya katani, na kwenye mshikio amefunga kitambaa chekundu. Halikuwa lake. Aliliazima kwa mpwa wake, na mpwa wake alikuwa amewahi kusafiri nalo kwenda Mwanza. Tagi ya safari hiyo ya zamani ilikuwa bado inaning'inia chini ya kitambaa. Wa kaunta alifunga tagi mpya, hakuitoa ya zamani. Wa ukaguzi aliona tagi mbili, akapitisha. Wa kupanga tela, akiwa na haraka, alishika ile ya zamani. Watu watatu walilishika begi lile, na hakuna hata mmoja aliyelipoteza. Ila likaenda Mwanza.

Ndege ilipofika hapa, bibi alisimama mpaka mtu wa mwisho akaondoka na mzigo wake. Wenzetu wa Tabora wakapiga simu. Mimi ndiye niliyekuwa msimamizi wa zamu. Nilikuwa nimekaa. Nikajibu, "Mwambieni bibi asiwe na wasiwasi, linakuja kesho na ndege ya kwanza." Sikuwa nimeinuka kwenye kiti. Sikuwa nimeuliza mtu wala kutazama kompyuta. Nilisema kesho kwa sababu kesho ni neno linalofunga simu.

Lilichukua siku tisa. Lilikutwa Mwanza kwenye chumba cha mizigo isiyo na mwenyewe, na kilicholiokoa ni kwamba kijana wa Tabora aliyejaza ripoti alimsikiliza bibi vizuri, akaandika kamba ya katani na kitambaa chekundu. Mwaka huo nilipokuja likizo nikaona aibu kukaa mjini bila kwenda kumwona. Nikaenda kwake Kanyenye, nikamkuta barazani amekaa mkekani, nikamwamkia, nikajieleza. Akanitazama kwa muda. Akasema, "Mwanangu, kumbe wewe ndiye uliyesema kesho?" Nikasema ndiye mimi, bibi. Akasema, "Nilikaa mlangoni kesho zote tisa. Sikwenda hata kwa jirani, nilihofia mtu wa begi asinikose."

Ndani ya begi lile mlikuwa na sanda yake. Alikuwa ameichovya maji ya Zamzam kule Makka, akaianika, akaikunja. Wazee humu ndani mnaelewa maana yake. Alikuwa ametimiza nguzo, ameandaa safari yake ya mwisho, na mimi nilikuwa nimempa jibu la kufungia simu.

Bibi alinisamehe, akanipa chai. Lakini tangu siku ile kwenye zamu zangu hakuna aliyeruhusiwa kumwambia abiria "kesho" mpaka aweze kunijibu maswali mawili: umeliona wapi, na nani analo sasa hivi. Kama huna majibu, mwambie abiria ukweli: bado tunalitafuta, nitakupigia saa kumi jioni. Halafu saa kumi jioni piga, hata kama huna jipya. Simu ya kusema "bado" nayo ni makabidhiano.

Wakati mwingine vijana wananiambia, mama, tatizo ni vifaa, tukipata mitambo ya kisasa haya yote yataisha. Mitambo naipenda, naiombea ije. Lakini naomba mjue yaliyotokea kwa wenye mitambo. Kiwanja cha Denver, Marekani, kilichelewa kufunguliwa miezi 16 hasa kwa sababu ya mfumo wa mizigo wa kujiendesha wenyewe, ambao kwenye majaribio ulikuwa ukirusha mabegi na kuyararua. Kilifunguliwa Februari 1995, na ulipofika mwaka 2005 mabaki ya mfumo ule yakazimwa, wakarudi kwenye tela na watu. Jengo la tano la abiria la Heathrow, London, lilifunguliwa tarehe 27 Machi 2008. Asubuhi ile wafanyakazi walihangaika kutafuta pa kuegesha magari, wengine wakakwama kwenye ukaguzi wa kuingilia, wengine wakashindwa kuingia kwenye kompyuta. Mikanda inaleta mabegi, mikono ya kuyapokea haipo. Ndani ya siku chache maelfu kwa maelfu ya mabegi yalikuwa yamerundikana, na mamia ya safari yakafutwa. Mtambo ulikuwepo. Aliyekosekana ni mtu wa kupokea kutoka kwenye mtambo.

Na mwaka 2022, baada ya korona, viwanja vya Ulaya vilifungua milango kwa abiria wote wakati wafanyakazi waliowapunguza walikuwa hawajarudi. Heathrow ikalazimika kuweka kikomo cha abiria 100,000 wanaoondoka kwa siku. Mwezi wa saba, shirika moja la Marekani lilirusha ndege kubwa kutoka pale kwenda Detroit bila abiria hata mmoja, imebeba mabegi 1,000 yaliyobaki nyuma. Nawaza wale waliokaa siku kadhaa bila nguo zao, na pia wapakiaji wale wachache, migongo yao. Mkiwa wasimamizi siku moja, msije mkadhani mtu wa kupakia ni gharama ya kwanza kukatwa.

Sisi Tabora hili la mizigo tunalo kwenye damu. Babu zetu walibeba pembe kutoka hapa Unyanyembe mpaka Bagamoyo, mzigo wa karibu kilo 30 begani, miezi mitatu njiani, na kurudi wakabeba vitambaa, shanga na nyaya. Siisifu biashara ile, ina machozi mengi ndani yake. Naisifu kazi ya mpagazi. Mzigo aliokabidhiwa huku ndio aliokwenda kuutua pwani, na jioni kambini mnyampara alihesabu mizigo kabla watu hawajala. Mkono mmoja, hesabu kila siku. Sisi tuna mikono kumi kwa saa tano, kwa hiyo hesabu yetu inatakiwa kuwa kali kuliko ya mnyampara, isiwe hafifu kuliko yake.

Mkitaka kuona mzigo uliokabidhiwa vibaya unafanya nini, nendeni Kwihara, hapo jirani, mkaingie kwenye lile tembe. David Livingstone alisubiri hapo mwaka 1872. Januari 1867 watoro walikuwa wamekimbia na sanduku lake la dawa. Mwaka 1871 alifika Ujiji hoi, akakuta bidhaa alizotumiwa zimeuzwa na mtu aliyekabidhiwa kuzitunza. Stanley, mwandishi wa habari aliyetumwa kumtafuta, akamkuta huko, wakaja pamoja mpaka hapa, na tarehe 14 Machi 1872 Stanley akaondoka kwenda pwani kumtafutia wapagazi na vifaa. Walifika Agosti. Miezi mitano Livingstone amekaa Kwihara akitazama njia. Kila ninapomwona mzee ameweka dawa za presha kwenye begi la kupakiwa, huwa namkumbuka yule. Dawa zikae kwenye begi la mkononi, wazazi wangu. Na vyeti, na funguo, na miwani.

Sasa kuchelewa kwa ndege. Hapa nitaeleza kidogo kwa nini, kwa sababu mfanyakazi asiyejua kwa nini hawezi kumweleza mwingine.

Ndege inayohudumia mikoa haifanyi safari moja kwa siku. Inakwenda, inarudi, inakwenda kwingine. Ikichelewa dakika ishirini asubuhi, dakika hizo hazibaki asubuhi. Zinasafiri nayo, na kila kituo zinazaa. Abiria wa jioni wa Tabora anaona jua linawaka, mawingu hakuna, anauliza hali ya hewa gani hiyo mnayoisema? Ni ukungu wa saa kumi na mbili asubuhi, wa mkoa mwingine kabisa. Na kuna viwanja visivyo na taa za njia ya kurukia. Viwanja hivyo hufungwa jua likizama. Ndege ya huko haiwezi kuchelewa mpaka usiku. Ikivuka magharibi, inafutwa. Marubani nao wana saa zao za kazi kisheria, zikiisha zimeisha, hata kama ndege nzima imekaa na mikanda imefungwa.

Kisha joto. Tabora iko juu, karibu mita 1,200 kutoka usawa wa bahari. Mwezi wa kumi, saa nane mchana, hewa inakuwa nyepesi, bawa halipati cha kuegemea vizuri na injini inapungua nguvu. Rubani anatakiwa apunguze uzito. Mafuta ya kufikia hawezi kuyagusa. Abiria wameshakaa. Basi yanashushwa mabegi. Huo si wizi wala uzembe, ni hesabu. Uzembe unaanza pale mabegi kumi yanaposhushwa na hakuna anayewaambia wenyewe kumi mpaka wafike mwisho wa safari na kukodolea macho mkanda mtupu.

Na kuna lile linalowaudhi watu: ndege imejaa, milango inakaribia kufungwa, inasemekana abiria mmoja hajapanda, begi lake linatafutwa lishushwe, dakika arobaini zinapita. Watu wanamlaani mchelewaji. Tarehe 21 Desemba 1988 ndege ya Pan Am ililipuka juu ya mji wa Lockerbie, Uskoti. Bomu lilikuwa kwenye begi ambalo mwenyewe hakuwemo ndegeni. Walikufa watu 270, kumi na mmoja kati yao wakiwa majumbani mwao chini. Ndiyo maana begi la asiyepanda halisafiri. Mkiambiwa mlitafute, msilitafute kwa kunung'unika.

Haya ni mambo ambayo abiria huvumilia akiyajua. Asichoweza kuvumilia ni kufichwa, na mara nyingi hakuna hata aliyekusudia kumficha.

Asubuhi moja nilikuwa kaunta. Kulikuwa na kaka mmoja, umri kama miaka thelathini na kitu, anakuja kumzika baba yake kijijini Nzega. Mazishi saa tisa alasiri. Ndege ilitakiwa kuondoka saa mbili. Fundi alijua tangu saa kumi na moja alfajiri kwamba kuna kifaa lazima kisubiriwe, na kisingefika kabla ya alasiri. Alimwambia msimamizi wa zamu ya usiku kwa redio. Msimamizi alikuwa anamaliza, akavua kizibao, akaenda nyumbani kulala. Hakuandika mahali. Zamu yetu ikaingia, mikono mitupu, tukaambiwa tu ndege ina hitilafu ndogo. Tukatangaza "muda mfupi ujao". Tukatangaza tena. Na kila tulipotangaza, yule kaka alimpigia ndugu yake: tunaondoka sasa hivi, nisubirini. Ukoo mzima ukakaa juani ukimsubiri.

Saa tisa zikapita. Saa kumi na moja wazee wakaamua. Nilimwona amesimama kwenye kioo kinachotazama ndege, simu iko sikioni, hasemi kitu. Nilidhani anangojea mtu apokee. Nilipomsogelea nikasikia. Walikuwa wamemwekea simu pale kaburini, na alikuwa anasikiliza koleo.

Angeambiwa saa kumi na mbili asubuhi, angepiga simu moja: zikeni kesho. Ndege ile tusingeweza kuitengeneza haraka zaidi, hilo halikuwa mikononi mwetu. Lakini kauli ya kumwezesha kuamua tulikuwa nayo, ilikuwa jengoni, ilikuwa imelala nyumbani kwa mtu.

Kwa hiyo nawaomba daftari. Si mtambo, ni daftari la kawaida la kaunta, au faili la pamoja kwenye kompyuta kama mnalo. Saa ngapi, nani kasema, kasema nini, tunamwambia nini abiria, tutasema tena saa ngapi. Anayetoka zamu anasoma kwa sauti, anayeingia anarudia, wote wawili wanatia sahihi. Hakuna kuvua kizibao kabla ya hapo. Na tangazo lisiseme "sababu zilizo nje ya uwezo wetu". Mtu amelipa, ana haki ya kujua sababu yenyewe: tairi limeharibika, jipya linatoka mahali fulani, hatutarajii kuondoka kabla ya saa nane, tutazungumza nanyi tena saa tano kamili. Kisha shukeni kwenye kaunta mtembee katikati ya watu, kwa sababu bibi zetu hawasikii vizuri kile kipaza sauti, na mwenye mtoto mchanga anaona haya kuja kuuliza. Ulizeni nani ana ndege ya kuunganisha, nani ana miadi Muhimbili, nani anawahi msiba. Orodha hiyo ipelekwe mbele, kule wanakokwenda, kabla hawajafika.

Kwa abiria waliopo, mambo machache ya haraka. Begi likikosekana msitoke kiwanjani bila ripoti ya maandishi yenye namba. Kwa safari za kimataifa Tanzania imo kwenye Mkataba wa Montreal wa 1999: begi lililoharibika unalalamika kwa maandishi ndani ya siku 7 tangu ulipokee, lililochelewa ndani ya siku 21 tangu ukabidhiwe, na lisipofika siku 21 zikapita unaweza kulidai kama limepotea. Mwisho wa kwenda mahakamani ni miaka miwili. Kama tiketi yako ni moja kutoka Tabora mpaka nje, kipande cha Tabora nacho kimo. Toeni tagi za zamani, zote, hata kile kistika kidogo chenye mistari. Andikeni jina na namba ya simu kwenye karatasi, muiweke ndani ya begi juu ya nguo.

Na asali yetu. Najua hamwezi kwenda kwa ndugu mikono mitupu, na sitawaambia muiache. Lakini ndoo ya kifuniko cha kubana haistahimili kurushwa. Nimeona ndoo moja ikipasuka kwenye mkanda: asali inasambaa taratibu, tagi za mabegi yanayofuata zinalowa, skana haisomi, mabegi yanatemwa pembeni moja baada ya jingine, na ndege iko nje inangoja. Chukueni dumu la kifuniko cha kuzungusha, msilijaze mpaka mdomoni, lizungushieni selotepu, liwekeni katikati ya nguo.

Nimemaliza kusema. Hapa mezani nimepanga mabegi saba. Kuna yenye tagi mbili, kuna moja limeandikwa KGL na mwenyewe anakwenda Kasulu, na kuna moja halina kitu nje. Naomba vijana wawili waje mbele, mmoja anatoka zamu, mwingine anaingia. Karatasi hii hapa inasema mabegi ni manane. Binti wa gauni la bluu, njoo. Na wewe kijana. Usitie sahihi bado. Weka kiganja juu ya la kwanza, utaje namba.